Mistari Minane ya Tarishi

Ijumaa, 3 Februari 1989

Habari kubwa! Mzee Awadh amekiri mbele ya watu kwamba macho yake yamekwisha. Masikini. Nilisikitika kwa muda mrefu, kama dakika moja hivi, kisha nikakitazama kiti.

Nieleze. Kila Ijumaa baada ya sala ya alasiri, wanaume wa mtaa wetu hapa Bofu hukusanyika barazani kwa Mzee Awadh, naye hutusomea Hekaya ya Jini Barkash. Ni kitabu cha mkono, kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, alikirithi kwa babu yake. Kikisha, tunaanza tena mwanzo. Ni miaka ishirini na sita sasa. Msomaji hukaa kwenye kiti cha mlangoni, chenye mto. Hupewa kahawa kabla ya wote. Watu wazima wenye ndevu zao humwamkia na kumwita Bwana Msomaji.

Mimi naitwa Faki wa Fomu. Ndiyo hali. Nina miaka arubaini na tatu, nawaandikia watu barua na kuwajazia fomu kwenye meza yangu karibu na kivuko, na arusini hukalishwa upande wa viatu. Nakitaka kiti kile. Sijawahi kutaka kitu namna hii tangu nilipoposa, na hata posa yenyewe sikuitaka hivi.

Mzee ameweka sharti la ajabu. Hataki kujua nani anasoma vizuri. Anayekitaka kiti asimame Ijumaa ijayo, ataje mbaya mmoja mdogo wa hekaya ambaye anampenda, na aseme kwa nini. Barkash mwenyewe haruhusiwi. Alisema jini mkubwa kila mtu anamwogopa, na Shamsi shujaa kila mtu angemtaka awe mkwewe, lakini msomaji hujulikana kwa anavyowatendea hawa wabaya wadogo, maana ndio wanaorukwa ulimi ukichoka.

Waliojitokeza ni wawili. Mimi, na Mahfudh. Mahfudh! Karani wa kampuni ya kutoa mizigo kule Kipevu. Huvaa kalamu tatu mfukoni, na hakuna aliyewahi kumwona akiandika.

Nitashinda inshallah. Nimekwisha kuzoea kusema "Bwana Msomaji Faki" mbele ya kioo. Jina linanikaa.

Jumamosi, 4 Februari 1989

Mezani tangu asubuhi. Joto la kutisha. Nimewapitia wabaya wote mmoja mmoja.

Hekaya kwa ufupi: Jini Barkash anamwiba Siti Johari, binti wa Sultani, anamfungia kisiwani nyuma ya milango saba, na Shamsi anakwenda kumtoa. Njia nzima imejaa watu wadogo wenye roho ndogo. Kuna Ajuza anayepima nyayo za wapita njia kwa kamba na kumpelekea jini vipimo. Kuna Bawabu wa mlango wa saba, ukimpa halua anafungua, ukimnyima analala. Kuna Mpambe wa jini, kazi yake kuitikia tu. Na kuna Tarishi, mchukuzi wa barua za Shamsi na Siti Johari. Yeye huzifungua njiani, akabadilisha maneno, mpaka wapendanao wakakaribia kuchukiana.

Nimemchagua Mpambe. Hana kazi nzito, anakula sahani moja na jini, wala hauawi mwishoni. Mtu mwenye akili zake.

Mueni alinikatiza. Mueni ndiye anayeuza viazi vya karai kwenye foleni ya feri. Alitaka barua kwa mumewe, mpishi hotelini Mtito Andei: kwamba yeye ni mzima, watoto wazima, na akija aje na debe la mahindi. Barua gani hiyo? Haina roho. Nikaongeza kidogo. Kwamba hali, halali, amekonda mpaka leso inamzunguka mara tatu. Yeye nikamsomea ile ya kwake, ya mahindi, akafurahi sana na kunipa viazi viwili. Basi la jioni limeichukua.

Nyumbani nilimfanya Mpambe mbele ya mke wangu, Mwanatabu. Nikapiga goti, nikaitikia kwamba ndiyo bwana wangu, bahari ni kavu. Mwanatabu, bila kuinua macho kwenye ukili aliokuwa akisuka, akasema Mpambe hapigi goti. Husimama kwa mguu mmoja mpaka jini amruhusu kuweka wa pili.

Nilicheka. Atajuaje? Kila Ijumaa yeye na wanawake wenzake huwa ndani kwa Bi Sheikha, mke wa Mzee, nyuma ya dirisha la baraza, wanasuka ukili na kuzungumza mambo yao. Nikamwambia kwa upole asijitie katika mambo ya vitabu. Akaendelea kusuka. Mke wangu ni mwelewa.

Jumapili, 5 Februari 1989

Mbinu ya kwanza. Kujua Mzee mwenyewe anampenda nani, kisha nimpende huyo huyo. Nashangaa wengine hawafikirii vitu rahisi hivi.

Nikanunua samaki, changu mnene, nikampeleka. Shikamoo, marahaba, karibu mwanangu. Mzee akampapasa changu kichwa hadi mkia, akaomba dua ndefu, akamshukuru Mungu kwa neema, kwani jana Mahfudh alileta nguru. Nguru! Mzima! Bi Sheikha akatoka kuniuliza kwa adabu kama ningeweza kesho kuleta ndimu, maana samaki sasa wamezidi.

Nikajipa moyo. Nikauliza kwa mzaha mzaha, katika wale wabaya wadogo, moyo wake yeye uko kwa nani. Mzee alifikiri sana. Nikasogeza sikio. Akasema wote ni wanawe, na baba hatoboi siri kama hiyo. Kisha akauliza changu huyu nimemnunua kwa nani, mbona ana harufu.

Nimerudi nyumbani sina changu wala siri. Mwanatabu alitupikia mchicha.

Jumatatu, 6 Februari 1989

Sikwenda kazini. Nimefanya upelelezi!

Nilivuka feri, nikashika njia ya Kipevu na fomu tupu mkononi, ili nionekane mtu mwenye shughuli. Mtu akishika karatasi bandarini hakuna anayemuuliza. Nilimkuta Mahfudh nyuma ya makontena, saa ya chakula cha mchana. Amejitanda gunia kichwani. Mgongo umepinda, mdomo hauna meno, mkononi ana kamba, anapima nyayo za madereva wa malori mmoja mmoja na kunong'ona kwa sauti ya Ajuza: huu mguu wa mwizi, huu mguu wa mkwe, huu mguu haujui unakwenda wapi. Madereva wanashika mbavu. Mmoja alikaa chini kabisa. Hata mimi nilicheka, nyuma ya tairi, nikajichukia.

Ana kipaji. Wallahi sikulitegemea hilo.

Ikabidi nifikiri haraka. Nikajitokeza, nikasalimu, nikamvuta kando kindugu. Nikamwambia, kwa wema tu, ajihadhari na Ajuza. Marehemu mama mkwe wa Mzee Awadh alikuwa na mgongo vile vile, na kamba vile vile. Mzee atadhani anadhihakiwa. Uongo mtupu, na umenitoka bila hata jasho.

Mahfudh alibadilika rangi. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema hakujua kama nina moyo wa namna hii, na kwamba miaka yote amenidhania vibaya. Akaniomba radhi. Nikamsamehe. Kisha akasema basi, bora amchukue Mpambe.

Mpambe! Wangu!

Ningesema nini? Niseme Mpambe naye alikuwa mkwe wa mtu? Nikarudi na feri, fomu imeloa jasho.

Jumanne, 7 Februari 1989

Nimebakiwa na Bawabu na Tarishi. Bawabu nimejaribu kumtetea mbele ya kioo. Nikapiga miayo.

Basi ni Tarishi. Na nilipomfikiria vizuri, ajabu! Huyu ni mtu wa kalamu. Ana kidau cha wino, ana mwandiko mzuri, anatembea peke yake na maneno ya watu mkobani. Katika kisiwa kile kizima hakuna mwingine ambaye ningeweza kukaa naye tukazungumza mambo ya maana. Kwa nini sikumwona mapema? Ni huyu Mpambe aliyenipumbaza.

Tatizo ni kwamba hekaya haimpi sababu. Anabadilisha barua, siri inafichuka, Shamsi anamkamata, anatupwa baharini, basi. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Miaka ishirini na sita, hakuna aliyemuuliza! Sasa mimi nisimame mbele ya watu niseme nampenda kwa lipi? Laiti yule mwandishi wa kale angeandika mistari michache tu.

Kazini hapakuwa na amani. Mume wa Mueni ameshuka na basi la alfajiri. Ametoroka kazi yake, amekuja na shuka jeupe la kumfunikia mgonjwa na chupa ya dawa ya kienyeji. Akamkuta mgonjwa anakaanga viazi na kuwagombeza wateja, mzima kabisa, leso haimzunguki hata mara moja na nusu. Walinijia wote wawili. Mueni alikuwa na upawa mkononi, mafuta yanatiririka. Akasema, mpaka abiria wa feri wakageuka, kwamba yeye aliagiza mahindi akaletewa mume, na mume huyu analala mpaka saa tatu.

Nikawaeleza kwamba kazi ya mwandishi ni kufikisha moyo, si debe. Hawakunielewa. Watu hawana shukrani.

Jumatano, 8 Februari 1989

Nimeamka na wazo. Kama mistari haimo, itiwe!

Nilikwenda kwa Bi Sheikha wakati wa adhuhuri, Mzee akiwa msikitini. Nikasema Ijumaa iliyopita niliona jalada la kitabu linaachia, nami nina gundi nzuri ya kazini. Bi Sheikha alinitazama kidogo. Akasema, "Haya, baba. Lakini Ijumaa kiwe hapa. Bwana huketi nacho mapajani hata kama hakioni." Akakifunga kwa leso yake mpya, akanipa kwa mikono miwili.

Niliona haya. Nilipofika kwenye kona ya nyumba ilikuwa imekwisha.

Wino ndio ulionisumbua. Kalamu ya biro ingenisaliti, maana wino wa kitabu ni wa rangi ya kahawia. Nikakaa nikafikiri. Kahawia! Nikaenda kwa Karisa muuza kahawa, nikanunua birika zima, nikaichemsha kwenye sufuria ya Mwanatabu mpaka ikawa nzito, kisha nikatia vijiko sita vya sukari ili ishike karatasi. Rangi ile ile! Ukiweka neno langu na neno la mwaka wa babu yake Mzee, huwezi kuyatenganisha. Akili nyingine Mungu humpa mtu bure.

Chini ya ukurasa wa Tarishi palikuwa na nafasi tupu, kana kwamba niliwekewa. Nikaandika mistari minane. Nilitoka jasho, sijaandika kwa herufi zile tangu chuoni, na maalim wangu alinichapa sana kwa ajili ya mwandiko. Nimesema kwamba Tarishi alizisoma barua za Shamsi akaziona kavu. Akaona Siti Johari atakufa kwa kiu ya maneno matamu. Akaongeza yake kwa huruma tu, kila neno na chozi lake. Na kwamba katika kisiwa kizima, yeye ndiye aliyempenda Siti kuliko wote.

Nilipomaliza nililia kidogo. Nimeandika vizuri mno.

Alhamisi, 9 Februari 1989

Kitabu kimerudi, leso yake, fundo lake. Bi Sheikha ameshukuru sana kwa gundi. Gundi yenyewe nilisahau kutia.

Mwanatabu anauliza sufuria yake imeungua kwa kitu gani, na kwa nini sisimizi wameshika njia kutoka jikoni hadi kwenye mkeka wangu. Nikamwambia ni kaskazi, joto huwatoa ardhini. Akanitazama kama Bi Sheikha alivyonitazama jana. Sijui wanawake wanajifunza wapi hayo macho.

Mueni tena, na mumewe. Mwandishi mwenzangu wa ng'ambo anaumwa, kwa hivyo hawana budi kuja kwangu. Mume hawezi kurudi kazini bila maelezo. Wanataka barua kwa mwajiri, kwamba mke alikuwa mgonjwa kidogo lakini sasa hajambo. Walikaa mbele yangu wakiikodolea macho kalamu. Mimi nikafikiri: mgonjwa kidogo? Mwajiri gani atatikisika kwa ugonjwa mdogo? Huyu mtu atafukuzwa kazi, na watoto watakula nini? Nikaandika kwamba mke amefariki. Nikaikunja haraka. Imekwenda na basi.

Nimefanya mazoezi ya Tarishi mara kumi na moja. Kesho saa kama hii nitakuwa nimekaa juu ya mto.

Ijumaa, 10 Februari 1989

Niandike yote.

Baraza lilijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Nyuma ya dirisha, pazia limeshushwa, wanawake na minong'ono yao kama kawaida. Mahfudh alianza. Mpambe wake akapiga goti. Watu wakacheka, ila kutoka dirishani mtu alifyonya. Nilifurahi. Alimaliza kwa kusema anampenda Mpambe kwa sababu hakuna ofisi isiyokuwa naye, na akiondoka wakubwa hupotea njia ya kwenda nyumbani. Wafanyakazi wa bandari walimpigia makofi marefu.

Zamu yangu. Nikasimama. Nikasema mimi nampenda Tarishi, na sababu siitoi kinywani mwangu, kitabu chenyewe ndicho shahidi. Watu wakaangaliana. Mzee Awadh akageuza uso upande wangu. Akauliza, taratibu, shahidi gani huyo. Nikasema amo ukurasani. Akasema, "Hebu tusomee, basi," akaninyooshea kitabu.

Nikafungua leso. Sisimizi mmoja akapanda kidole changu. Nikampuliza. Wakatoka ishirini. Wakatoka ukoo mzima na wakwe zao, wakashuka mkononi mwangu, wakaingia ndani ya mkono wa kanzu, na mimi ninasoma! Nilisoma mistari yote minane huku najikuna, kwa sauti ya huzuni. Mahali pa kulia nililia kwelikweli, maana mmoja alikuwa amefika kwapani.

Nikainua macho. Nilidhani watu wameguswa.

Kisha nyuma ya pazia, sauti ya mwanamke, bila haraka: "Hayo hayamo."

Sauti ile naijua. Imeniamsha kwa miaka kumi na saba.

Mzee akauliza ni nani. Akajibiwa, "Ni mimi, Mwanatabu, mkewe Faki. Niwie radhi, mzee wangu, lakini hayo hayamo." Mzee akasema hapana neno, mwanangu, basi tuambie yaliyomo.

Na Mwanatabu akayasema. Kwa moyo! Si mstari mmoja wala miwili. Alianzia pale Tarishi anapopokea barua ya kwanza. Sauti ya Shamsi ikawa ya Shamsi, ya Siti Johari ikawa ya Siti Johari, na ya Tarishi ilikuwa na uchovu fulani, kama mtu aliyetembea sana. Bi Sheikha na wanawake wengine wakawa wanamwitikia pale panapoitikiwa, kwa pamoja, bila kukosea. Barazani wanaume wote walikuwa wamegeuka wanalitazama pazia. Miaka ishirini na sita tunadhani wanasuka!

Akafika Tarishi anapokamatwa. Nikajua hapo ndipo mwisho, sasa anatupwa baharini. Kumbe upande wa pili wa ukurasa kuna maneno. Sikuwa nimeugeuza. Shamsi anamuuliza kwa nini. Anamuuliza! Na Tarishi anajibu: "Bwana wangu, nimechukua barua za watu miaka arubaini, na hata moja haikuwa yangu. Nalitaka mkono wangu uwemo."

Ijumaa zote hizo nilikuwa wapi? Baadaye nikakumbuka. Ni pale Karisa anapoingia na birika, vikombe vinagongana, sisi wanaume tunagombania kashata. Hatujawahi kuyasikia maneno yale, hata mmoja wetu. Ndani hawaletewi kahawa mpaka mwisho, ndio maana wao waliyasikia.

Mzee alijipangusa macho yasiyoona. Mimi niliwasahau hata sisimizi. Yale maneno ni mazuri kuliko yangu. Nimesema.

Mzee akatoa hukumu. Msomaji ni Mwanatabu. Atasoma pale pale dirishani, na kitabu kikae ndani. Kiti cha mlangoni akikalie atakayewahi. Akasema pia kwamba ukimpenda mbaya mdogo usimtie maneno kinywani, msikilize. Hapo sikufuata vizuri, nilikuwa najikuna.

Kuhusu mimi, ukurasa umeharibika, na sisimizi wakizoea karatasi hawaachi. Kwa hivyo ninunue daftari kubwa niinakili hekaya yote, neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza. Mkaguzi ni Mwanatabu.

Mahfudh alinisindikiza mpaka njia panda. Tulipoagana akaniuliza tu kama ni kweli mama mkwe wa Mzee alikuwa na kamba.

Jumapili, 12 Februari 1989

Siku mbili, na tayari naitwa Mume wa Msomaji. Muuza maziwa ndiye aliyeanza. Jana arusini Mwanatabu alikalishwa mbele kabisa kwa wanawake, akapewa sinia lake peke yake. Mimi nilikuwa upande wa viatu, na jirani yangu akanisogelea kuniuliza kama ni kweli namfahamu.

Mueni amepata simu ya maandishi kutoka Mtito Andei. Mwajiri anatoa pole nyingi. Wafanyakazi wanne wenzake mumewe na mchungaji wanafika kesho kumzika Mueni. Nimetuma ujumbe kwamba asitoke ndani kwa siku mbili tatu. Amejibu kwamba ananitafuta. Nitahamisha meza.

Leo nimeanza kunakili. Mwanatabu alinikalisha, akaweka kitabu kulia na daftari kushoto, akasema, "Neno kwa neno, Baba Saumu." Kisha akaenda kwa Bi Sheikha kufanya mazoezi. Mazoezi! Mtu aliyeijua hekaya yote tangu hatujazaa.

Nimenakili kurasa nne safi kabisa, sikuongeza hata nukta. Nimeyafikiria sana yale maneno ya Tarishi. Mtu mzima hujifunza, na mimi nimejifunza. Maneno ya watu ni amana.

Ukurasa wa tano, Shamsi anaingia mji wa Sultani. Bandari kubwa, masoko arubaini, wafua dhahabu, wauza uturi, washona kofia, mpaka muuza mikia ya samaki taa ametajwa. Nimesoma mara tatu. Hakuna mwandishi wa barua! Mji mzima! Sasa watu wale fomu zao wanajaziwa na nani? Ni wazi kwamba mwandishi wa kale alisahau, na kunakili kosa la mtu ni kumvunjia heshima. Nimemweka mmoja tu, pembeni, karibu na kivuko. Mtu wa makamo, mwandiko mzuri, na Shamsi anapopita anamwamkia. Mistari miwili haidhuru hekaya.

Na safari hii nimetumia wino wa dukani. Sisimizi hawaugusi.